Ua la Bwana Kamba

Wifi yangu alinipigia simu nikiwa kazini, mikono yote miwili imejaa udongo, na kwa kuwa namjua, nikajua kuna jambo. Huyu si mtu wa kupiga simu saa za kazi. Nikaibana simu kati ya sikio na bega.

"Wifi! Wifi, umechipua!"

"Nini kimechipua?"

"Mpesheni wa mume wangu! Machipukizi mawili, mabichi kabisa! Njoo uone kwa macho yako!"

Alikuwa analia na kucheka kwa pamoja. Na mimi, mtu ambaye mdomo wangu hauna breki, nikashindwa kusema zaidi ya "Mungu mkubwa." Halafu nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Wenzangu wakadhani nimepata habari za msiba. Nikawaambia hapana, jamani, ni habari njema, niacheni niheme kidogo.

Ngoja nieleze, maana ukisikia watu wazima wanalilia mmea utadhani wamechanganyikiwa.

Kazi yangu ni kubebesha miche. Watu wakisikia unafanya kazi kwenye kitalu wanafikiri ni kumwagilia maji na kuwachagulia mabibi harusi maua. Haya bwana. Kubebesha ni hivi: unachukua kijiti kutoka kwenye mmea unaoupenda, sisi tunakiita kikonyo, unakichonga mwisho wake kama kabari, unakichomeka kwenye shina la mmea mwingine wenye mizizi ya nguvu, unafunga kwa utepe wa nailoni, kisha unaomba. Vikishikana, pale vilipoungana panaota fundo. Chini ya fundo ni mmea mmoja, juu yake ni mwingine. Vitalishana na kubebana miaka yote, lakini havichanganyiki. Wa chini ni miguu. Wa juu ndio wenye sura, majani na maua.

Mdogo wangu alifanya kazi kwenye kitalu hicho hicho. Tulizaliwa wawili tu, mimi na yeye. Kazini walimwita Bwana Kamba, kwa sababu mimea inayotambaa ndiyo iliyokuwa ugonjwa wake. Ukimtafuta utamkuta anafunga kamba kutoka nguzo hii hadi ile, ili mmea fulani upate pa kupandia. Na katika yote itambaayo, mipesheni ndiyo iliyomteka. Wengi wetu tunaijua kwa juisi tu, na wapo wanaoliita tunda lake karakara. Yeye alijua kwamba mipesheni ni ukoo mkubwa, una aina kwa mamia, na mingine haina tunda la maana ila ina maua ambayo ukiyaona lazima usimame: duara la petali, juu yake duara la nyuzi zilizochanuka, na katikati kinguzo kilichobeba vitu kama misumari mitatu.

"Dada," aliniambia siku moja, "ua hili limeshonwa, halikuota."

Nikamwambia, "Umeoa fundi cherehani na suruali yako imetoboka matakoni. Mwambie aanze na hiyo."

Akacheka mpaka akaangusha kopo la mbegu. Alikuwa mtu wa kucheka. Nasema hivyo kwa sababu siku hizi watu wanamzungumzia kwa sauti ya chini kana kwamba alikuwa padri.

Basi akachukua chavua ya mpesheni wenye ua jekundu, akaipaka kwenye ua la mwingine, jeupe, lenye harufu nzuri. Akapata mbegu. Miche mingi ilikufa ingali midogo, kama kawaida. Mmoja ulibaki, majani yake yana vidole vitano na manyoya laini, wala hatukuwahi kuona wa namna ile. Lakini mizizi yake ilikuwa dhaifu, haikui, haifi. Akakata kikonyo kutoka kwenye mche ule, akakibebesha kwenye shina la mpesheni wa kawaida, ule wa juisi. Kiliposhika, akaupeleka nyumbani, akaupanda kwenye nguzo ya baraza, mbele ya dirisha ambapo mkewe huweka cherehani yake. Ulikuwa zawadi.

"Utatoa ua la rangi gani?" mkewe akamuuliza.

"Hata mimi sijui. Hakuna mtu duniani anayejua. Wewe ndiye utakayeliona kwanza, halafu utaniambia."

Hakuambiwa. Mapafu yalimkamata, tukadhani ni mafua, na kabla hatujajua tunapigana na nini tulikuwa tunapokea pole. Wiki ile ya msiba sote tulikuwa nyumbani kwake, kitalu kizima, na huku nyuma yule mche wenye mizizi dhaifu, mama wa kikonyo, ukakauka kwenye kopo lake. Hakuna wa kumlaumu. Nani anakumbuka kumwagilia maji siku ya kuzika? Lakini maana yake ni kwamba mmea ule haukuwepo tena popote isipokuwa pale juu ya fundo, kwenye nguzo ya baraza ya wifi yangu.

Hawakujaliwa mtoto. Kwa hiyo wifi akaushikilia mpesheni. Nikilala kwake, asubuhi aliusalimia kabla hajanisalimia mimi. Alikata mashati ya kazi ya marehemu vipande vyembamba akawa anaufungia ukutani, ili usichubuke. Dada yake mkubwa, mwenye karakana ya kushona sare za shule katika mji mwingine, alimwita aende wakafanye kazi pamoja. Karakana ina mashine nyingi na kazi haikauki, na dada mwenyewe ni mtu mwema, si wa kumsimanga. Wifi akasema, "Siondoki mpaka nilione ua." Dada akasubiri. Akapiga tena. Jibu lile lile. Mwishowe akasema atamshikia nafasi mpaka muhula mpya uanze, baada ya hapo atatafuta mtu mwingine, kwa kuwa wateja hawamsubiri.

Nami, niseme ukweli, sikumhimiza aende. Tulikuwa tunagombana tangu siku ya harusi yake, mimi na yeye, ugomvi wa mawifi, wa kuchokozana juu ya chumvi na nani anajua kukunja shuka. Lakini akiondoka yeye, nyumba ya mdogo wangu inafungwa. Kengele ya mlangoni ya mdogo wangu itabonyezwa na wapangaji wengine. Nilitaka akae.

Ndipo mwenye nyumba akaleta fundi wa kupaka rangi. Yule bwana hakuwa na ubaya wowote, aliona mmea umezuia ukuta, akauvuta pembeni, akaegemeza ngazi. Ukavunjika hapo hapo, juu kidogo ya fundo, ukabaki unaning'inia kwa ganda. Wifi alipotoka alipiga yowe hata yule fundi rangi akashuka, akaomba radhi kwa ukuta, kwa ngazi, kwa kila kitu. Nilikuja nikaunganisha na kufunga kadiri nilivyoweza. Haukushika. Majani yenye vidole vitano yakanyauka yote, yakaanguka. Nikamwambia wifi avute subira, huku moyoni nimeshakata tamaa. Yeye akaendelea kumwagilia kijiti kikavu kila siku.

Sasa umeelewa ile simu.

Jumamosi nilifika. Mama alikuwa pale, kwa sababu tangu msiba alihamia kwa mkwewe ili wasilemewe na upweke wote wawili. Alikuwa ameketi barazani kwenye kiti cha plastiki, uso wake umetulia kuliko nilivyouona kwa muda mrefu. Wifi hakunisalimia, alinishika mkono akanivuta.

"Tazama! Tazama mwenyewe, fundi mkubwa!"

Nikapiga magoti. Machipukizi yalikuwa mawili, manene, yana afya, na tayari yalikuwa yamefungwa kwenye nguzo kwa vipande vya shati la buluu ninalolijua. Nikageuza jani. Lilikuwa na vidole vitatu. Vitatu, halina manyoya, linang'aa kama limepakwa mafuta. Nikafuata chipukizi kwa kidole mpaka lilipotokea. Lilitokea chini ya fundo.

Sijui kama mtu asiye wa kazi hii anaweza kuhisi nilichohisi. Kilichofufuka kilikuwa miguu. Mpesheni wa juisi, kama ile iliyojaa kila uzio, ulikuwa umeona mzigo wake umekufa, ukaanza maisha yake mwenyewe. Na wifi yangu amesimama nyuma yangu anapiga makofi.

"Mbona kimya?" akauliza.

"Naangalia vizuri."

"Lo! Leo jua litazama mashariki. Wewe kuangalia kitu bila kukitia kasoro?"

Mama akacheka barazani. Nami nikatafuta neno ambalo si uongo. Nikasema, "Mizizi yake ina nguvu sana."

"Si nilikuambia!" akasema wifi. "Nilijua hawezi kuniacha hivi hivi."

Akaingia ndani kunichemshia chai. Mama akanitazama, maana mama ni mama, akaona uso wangu. Akanikonyeza tutoke mpaka langoni.

"Sema," akasema.

Nikamwambia. Nilimweleza fundo, majani, vidole vitatu na vitano. Alisikiliza ameshika komeo la lango. Nilidhani atalia. Hakulia.

"Utatoa ua?" akauliza.

"Utatoa. La kawaida. Atalijua mara moja, maua hayo yapo hata kwa jirani yake. Atajua siku hiyo hiyo."

"Lini?"

"Ukishapanda vizuri. Miezi kadhaa, labda zaidi."

"Na muhula unaanza mwezi ujao." Akafikiri. "Pale kazini kwako lipo lile jekundu, alilolitumia mwanangu?"

"Lipo."

"Kijiti kilichokomaa si hutoa ua mapema? Libebeshe hapo."

"Mama!"

"Punguza sauti. Hilo jekundu si ndilo baba wa hili lililokufa? Mtoto akifanana na baba yake, kuna ajabu gani? Mwambie unaufunga kidonda. Litashika, litatoa ua, atalia siku moja, kisha atakwenda kwa dada yake akaishi. Anangoja ua, mpe ua."

"Unataka nimuuzie mjane wa mwanao mbuzi kwenye gunia?"

"Nimeshamzika mwanangu," mama akasema, "sitaki kumzika na huyu. Unaiona hali yake? Unamwona anavyoongea na kile kijiti? Sasa wewe na ukweli wako, nenda ndani ukamwambie. Nenda. Nitakaa hapa nikusikilize."

Sikwenda. Nilikunywa chai nikaondoka.

Wiki ile nilikuwa na hasira na kila mtu. Nilimfokea mteja aliyeuliza kama mpesheni unaweza kuota kwenye chupa. Nilikuwa na hasira na mama kwa kuniingiza kwenye ujanja, na wifi kwa furaha yake, na yule fundi rangi, na zaidi ya wote nilimkasirikia mdogo wangu, aliyekufa na kuniachia kazi ya namna hii. Lakini kila nilipopita kwenye lile jekundu nilikuwa naangalia ni kijiti kipi kimekomaa vya kutosha. Mkono wa mtu wa kazi unajichagulia wenyewe. Siku ya Ijumaa nikakata kikonyo, nikakizungushia kitambaa chenye maji, nikakitia mfukoni pamoja na kisu.

Nilichagua saa ambayo wifi hupeleka nguo kwa wateja. Mama alinifungulia lango, akaingia jikoni. Nikapiga magoti pale pale pa Jumamosi. Nikafungua kisu.

Ili kubebesha kikonyo kipya lazima ukate kwanza yale machipukizi, na ili kuyakata lazima ufungue vile vitambaa. Nikaanza kufungua. Alikuwa amevifunga fundo la fundi cherehani, lile dogo lisilofunguka. Kimoja kilikuwa kipande cha kola, bado kina alama ya shingo ya mdogo wangu, ule weusi ambao sabuni haitoi. Nikabaki nimekishika. Nikajiambia, wewe mwanamke, kaza moyo, kata.

"Nimesahau blauzi ya mwalimu," sauti ikasema nyuma yangu.

Wifi alikuwa amesimama langoni na mfuko wake wa nguo. Alitazama kisu, akatazama vitambaa mkononi mwangu, akatazama kikonyo kilichofunguliwa kwenye kitambaa chenye maji juu ya sakafu.

"Unafanya nini?"

Maneno ya mama yalikuwa tayari ulimini: naufunga kidonda, wifi. Yalikuwa mepesi kabisa. Mama mwenyewe alishatokeza mlangoni, anayangoja.

"Nilitaka kukudanganya," nikasema.

Nikamweleza yote, nikiwa bado nimepiga magoti, kwa sababu sikuwa na ujasiri wa kusimama nikamwangalia usawa wa macho. Nilimwonyesha fundo. Nilimwambia chini ni nini na juu kulikuwa na nini. Nilimwonyesha jani la vidole vitatu, nikamwambia atazame kwenye uzio wa jirani, ataona ndugu zake. Mama akaanza kusema, "Mwanangu, mimi ndiye niliye..." Wifi akainua mkono kumkatiza.

"Unajua tangu lini?"

"Tangu Jumamosi."

"Jumamosi nilipokuwa napiga makofi."

"Ndiyo."

Akaweka mfuko chini. Nilitegemea atanitukana, na ningelipokea tusi hilo kwa shukrani. Badala yake akaenda kwenye ule mmea mkavu wa juu ya fundo, uliobaki umefungwa ukutani tangu uvunjike, maana hakuruhusu mtu auondoe. Akakwangua kwa ukucha. Ndani kahawia. Akasogea juu kidogo, akakwangua. Kahawia. Akaenda akaleta kigoda cha cherehani, akapanda, akaendelea kukwangua hatua kwa hatua, kila tawi, kila kidole cha tawi, mpaka kwenye ncha kabisa chini ya paa. Alikuwa anatafuta ukijani. Nilikuwa nimeshautafuta wiki nyingi kabla yake na najua hakukuwa na hata chembe, lakini sikumzuia. Nilikishika kigoda asianguke.

Alipomaliza akashuka.

"Hakuna," akasema.

"Hakuna, wifi."

"Ungeniwekea jekundu, ningeliamini. Ningewaambia watu mume wangu aliniachia ua jekundu. Ningeshona nguo nyekundu. Ningezeeka nalo hilo jekundu, na lisingekuwa lake!" Hapo sauti ikampanda. "Aliniambia hakuna anayejua! Alisema nimwambie! Sasa ningekwenda kumwambia nini mimi, uongo wenu?"

Ndipo akalia. Siku ya kuzika hakulia, sote tulisema ana moyo mgumu, na mimi ndiye niliyesema kwa sauti kubwa kuliko wote. Alilia ameketi chini, mgongo ukutani, kwa kilio kile kinachotoka tumboni, na mama akaketi upande mmoja na mimi upande wa pili, na sisi tukalia. Mimi nilikuwa sijamlilia mdogo wangu vizuri, nilikuwa nimeshughulika na chakula cha wageni na viti vya kukodi. Siku hiyo nililia mpaka kifua kikauma.

Hakusema nami tena kwa muda. Alisema na mama, kwa heshima, kwa maneno machache. Mama hakuomba radhi waziwazi, lakini alimwinamia mkwewe kumwekea sahani ya chakula, na wanaomjua mama wanajua hilo lina uzito gani. Mwezi ulipokaribia mwisho, wifi alinitumia ujumbe: njoo unisaidie kufunga cherehani.

Nikaenda. Tuliizungushia mablanketi, tukaifunga kwa kamba, na kila nilipofunga alifungua akafunga upya, akisema hivyo ndivyo mtu anavyofunga kuni, si mashine. Nikajua nimeanza kusamehewa. Mabegi yalikuwa mawili tu. Ukuta ulikuwa mtupu, ule mmea mkavu alikuwa ameuondoa mwenyewe, sikuuliza aliupeleka wapi. Mpesheni wa kawaida ulikuwa umeshapita dirisha, unaelekea paa.

"Niukate?" nikamuuliza. "Wapangaji wapya wasije wakasumbuka."

"Uache. Wenyewe haukunikosea kitu."

Gari likaja. Akanikumbatia kwa nguvu, halafu akanisukuma kidogo, akasema nipunguze kelele kazini nisije nikafukuzwa, na akapanda. Mama alirudi kwangu. Nyumba ya mdogo wangu ikapata wapangaji wengine, na kengele ile ile inabonyezwa, na mimi sipiti barabara hiyo kama naweza kuzunguka.

Kazini, bila kumwambia mtu, nilianza kuchukua chavua ya lile jekundu na kuipaka kwenye lile jeupe lenye harufu. Mimea yenyewe ilikuwepo, ile ile miwili aliyoitumia yeye. Nilijiambia kwamba baba ni yuleyule, mama ni yuleyule, kwa nini asizaliwe tena? Nina miaka mingi kwenye kazi hii, na nilijidanganya kama mtoto. Mbegu zilipoota, kila mche ulikuja na sura yake. Mmoja una majani ya vidole vitatu, mwingine vinne visivyolingana, mwingine marefu hayana vidole kabisa. Wenye vidole vitano na manyoya ulikuwepo mmoja, nao ulikuwa na uchangamfu, haukuhitaji hata kubebeshwa. Mama alikuja kuutazama akasema, "Huyo ana haraka. Mwanangu hakuwa na haraka."

Asubuhi moja nilikuta umechanua. Petali zake ni za waridi lililofifia, nyuzi zake zambarau zenye ncha nyeupe, na harufu ilikuwa imejaa kibanda kizima. Nilisimama pale nimeshika ndoo. Lilikuwa ua zuri kuliko yote niliyowahi kuyaona katika kazi hii, na nilitamani kumpigia mtu yowe, na mtu wa kumpigia alikuwa mmoja.

Nikampigia wifi. Nyuma yake nilisikia mashine nyingi zinakimbia. Alitoka nje ili anisikie. Nikamwambia nilichokuwa nafanya miezi yote hiyo, ua jekundu, ua jeupe, majani yenye vidole vitano.

Wifi akauliza, taratibu kabisa, "Ni lile?"

Mama, aliyefuatana nami asubuhi hiyo, alikuwa kando yangu, na safari hii hakunitazama, alitazama chini. Hakuna mtu ambaye angenikatalia. Baba yule yule, mama yule yule, vidole vitano, manyoya. Hata mimi mwenyewe sina ushahidi kwamba la mdogo wangu halikuwa na rangi hii. Na sauti ya wifi ilikuwa inaniomba.

"Si lile," nikasema. "Hili ni ndugu yake. Lile hatutalijua, wifi. Wewe hutalijua, na mimi sitalijua."

Nilisikia anavuta pumzi. Nilisikia mtu anamwita ndani, na yeye anajibu kwamba anakuja.

"Haya," akasema, sauti yake imelowa. "Basi niambie hilo lina rangi gani. Niambie polepole."

Nikainama karibu na ua, nikaanza na petali.